Fedha zianzie kwenye chanzo cha mto
Habari inasema Tanzania na Kenya zichangie fedha za kusafisha Mto Mara. Sawa, ila zitaanzia wapi? Karibu asilimia 65 ya bonde iko Kenya, na uchafu tunaupokea sisi wa chini, Tanzania. Kusafisha upande wa Musoma huku msitu wa Mau, chanzo cha mto kule Kenya, unakatwa ni kupiga deki wakati bomba limepasuka.

Mimi nauza samaki soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Machi 2022, maji ya Mto Mara yalipogeuka meusi kule Kirumi, mkoani Mara, na samaki wakaelea, wateja walikuwa wananifunulia sato mashavu mmoja mmoja: "Huyu katoka Mara?" Nawaapia katoka Ukerewe, wapi! Wanaenda kununua maharage. Kamati ya serikali iliyochunguza ikasema ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Haya, mifugo hiyo itaondolewa mtoni kwa bajeti ya nani?

Makubaliano ya nchi hizi mbili kuhusu mto huu yapo tangu 2015, na Siku ya Mara ni kila Septemba 15, hotuba hazikosi. Mwaka wa fedha kote unaanza Julai 1. Basi kila upande utenge fungu lake mapema, fedha ziingie akaunti moja, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria hapa Mwanza ibandike ukutani kilichoingia na kilichotoka. Nitapita kusoma mwenyewe.