Coffey aliponya kila mtu, nani alimtetea?

Nimeitazama filamu ya The Green Mile zaidi ya mara moja, na kila nikifika pale John Coffey, mfungwa anayekaribia kuuawa, anapowaomba askari wasimfunike uso kwa kuwa anaogopa giza, machozi yananitoka. Jitu zima lenye mabega ya kujaza mlango, linaogopa giza kama mtoto mdogo. Ninaipenda filamu hii, na ndiyo maana jambo moja ndani yake linaniuma.

Frank Darabont aliitoa mwaka 1999, kutokana na riwaya ya Stephen King. Tuko Louisiana, Marekani, mwaka 1935, kwenye jengo la waliohukumiwa kunyongwa kwa umeme. Coffey, mtu mweusi, ametiwa hatiani kwa kuwaua watoto wawili wa kike wa Kizungu. Paul Edgecomb, mkuu wa askari wa jengo hilo anayeigizwa na Tom Hanks, anagundua kwamba mfungwa wake ana karama: anauvuta ugonjwa kutoka mwilini mwa mtu, kisha anautema hewani kama kundi la wadudu. Baadaye Paul anajua pia kwamba aliyeua ni mwingine.

Mwaka 2001 mwongozaji Spike Lee alizikemea filamu za aina hii, ambazo mtu mweusi hupewa nguvu za ajabu ili awasaidie Wazungu. Ukihesabu walioponywa na Coffey utaona hoja yake ina uzito. Ni Paul, aliyekuwa akiteseka kila anapokwenda haja ndogo. Ni mke wa mkuu wa gereza, mwenye uvimbe kwenye ubongo. Hata panya aliyekanyagwa anafufuliwa. Coffey mwenyewe hana mama, hana mke, hana kwao. Wakili wake anasema ni kama alidondoka kutoka mbinguni.

Wanaoitetea The Green Mile nao wana la kusema. Muujiza unamweka mnyongaji mahali pagumu, kwa sababu Paul hawezi tena kujificha nyuma ya karatasi ya hakimu. Anajiuliza atamjibu nini Mungu. Michael Clarke Duncan naye aliigiza kwa utu uliompa Coffey uzito kuliko maneno aliyoandikiwa, na akateuliwa kuwania Oscar. Halafu kuna kifo cha mfungwa mwingine, Delacroix. Askari Percy anaacha makusudi kulowesha sponji inayowekwa kichwani ili umeme uue haraka, na mtu anaungua akiwa hai mbele ya mashahidi. Hapo hakuna muujiza wowote, na ndipo filamu inapoishtaki adhabu ya kifo kwa nguvu kuliko mahali pengine popote.

Kwangu mimi tatizo liko kwenye ushahidi. Ukweli unamfikia Paul kwa njia ya ajabu, kwa kushikwa mkono na Coffey tu, na mahakama haiwezi kuupokea. Kwa hiyo hawajibiki kupigana. Na anapomuuliza Coffey kama amwachie atoroke, Coffey anakataa: amechoka na maumivu ya dunia, anataka kwenda. Mnyongwaji ndiye anayempa mnyongaji ruhusa!

Katika maisha halisi, mwaka 1944, jimbo la Carolina Kusini, Marekani, George Stinney, mtoto mweusi wa miaka 14, alikalishwa kwenye kiti cha umeme kilichokuwa kikubwa kuliko mwili wake. Alishtakiwa kuua wasichana wawili wa Kizungu. Kesi ilichukua siku moja, na baraza la waamuzi wa kesi, wote Wazungu, lilihitaji kama dakika 10 kumtia hatiani. Mahakama iliifuta hukumu hiyo mwaka 2014. Haikuhitajika karama kuona kwamba kesi ile haikuwa ya haki. Ilihitajika mtu wa kusimama na kupinga siku ile ile.

Darabont angeweza kumpa Paul walau barua moja kwa gavana, hata kama ingetupwa. Angeweza kumpa Coffey dada, au jirani wa kuja kumtazama. Kwenye chumba cha kiti cha umeme hakuna hata mmoja wa kwao. Wanaomlilia ni askari wale wale wanaomfunga mikanda.