Kovu la kukaza ngozi ya uso: ni ngozi au ni mkono wa daktari?

Mtu akifanyiwa upasuaji wa kukaza ngozi ya uso na makovu yakaonekana kando ya masikio, jibu analopewa mara nyingi ni lilelile: ngozi yako haiponi vizuri. Jibu hilo lina ukweli, nami nitaufikia. Shida ni kwamba linamvua mpasuaji lawama mapema mno, na mgonjwa anabaki kuulaumu mwili wake.

Makovu mengi mabaya ya upasuaji huu hutokana na ngozi kubebeshwa mzigo usio wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari walikata kando ya sikio, wakaivuta ngozi, wakapunguza iliyozidi, wakashona. Ngozi peke yake ndiyo iliyoshikilia uso. Na kwa kuwa ngozi hunyumbuka, uso ulishuka tena na kovu likatanuka. Mwaka 1974 mpasuaji Tord Skoog wa Sweden alieleza namna ya kuinua ngozi pamoja na tabaka lililo chini yake. Miaka 2 baadaye, madaktari wa Ufaransa Mitz na Peyronie wakaeleza kwa kina tabaka hilo la utando na misuli. Tangu hapo mvuto unaweza kufungwa kule ndani, na ngozi ya juu ikalazwa tu mahali pake na kushonwa ikiwa imelegea.

Itazame ndewe ya sikio, maana hapo ndipo kazi ya daktari inaposomeka waziwazi. Kwa watu wengi ndewe hukaa huru, ikiachana na shavu kwa kijipembe kidogo. Ngozi ya shavu ikipunguzwa kupita kiasi, kisha ikaunganishwa chini ya ndewe ikiwa imekaza, mvuto huo haukomi siku ya kutoka hospitali. Kovu linavyokomaa huiburuta ndewe chini kidogo kidogo, hadi kile kijipembe kinapotea na ndewe inakuwa ncha iliyonata shavuni. Hakuna ngozi inayojifanyia hivyo. Ni milimita chache zilizokatwa bila kustahili, na kurekebisha ni vigumu kwa sababu ngozi ya kurudishia haipo tena. Mpasuaji makini huacha ngozi ya akiba chini ya ndewe, akairuhusu ikae bila kuvutwa.

Mahali pa kupitisha kisu pana mjadala wa haki zaidi. Mkato ukipita nyuma ya kile kijinyama kinachokinga tundu la sikio, kovu hujificha. Lakini ngozi nene ya shavu ikiletwa pale bila kupunguzwa unene, kijinyama kinalala bapa, na kwa mwanamume ndevu huweza kuota sikioni. Kwake, mkato wa mbele ya sikio mara nyingi unafaa zaidi. Kwenye nywele nako ni vivyo hivyo: ukikata ndani ya nywele unaficha kovu, ila sharafa, yaani nywele za mbele ya sikio, huweza kupanda juu. Ukikata ukingoni mwa nywele, sharafa zinabaki mahali pake, na kisu kikilazwa kwa mshazari mashina ya nywele husalimika, nywele zikaota kupitia kovu lenyewe.

Hata suala la nyuzi linarudi kwenye mvuto. Nyuzi za mbele ya sikio kwa kawaida hutolewa baada ya siku 5 hadi 7, kwani zikikaa sana huacha alama kama ngazi. Ila kidonda cha wiki moja kina takriban asilimia 10 tu ya nguvu ya ngozi nzima. Kama ngozi ilikazwa, daktari yuko njia panda: azitoe na kidonda kiachane, au aziache zichore alama. Kama mvuto ulifungwa ndani, hana sababu ya kuhofu.

Sasa upande wa pili. Keloidi, yaani makovu yanayovimba na kuvuka mipaka ya kidonda, ni jambo la kweli, na sisi wenye ngozi nyeusi huzipata zaidi. Ndewe na ukingo wa taya ni miongoni mwa sehemu zinazopenda kuziota, na mshono safi kabisa hauwezi kuahidi kuzizuia. Aliyewahi kuota kovu kubwa kwa kutogwa masikio lazima aseme kabla ya kukatwa, na daktari anayemshauri asikatwe amemtendea wema. Sigara nayo: mwaka 1984 mpasuaji Rees na wenzake walionyesha kwamba wavutaji walikuwa na hatari ya kufa kwa ngozi iliyoinuliwa takriban mara 12 kuliko wasiovuta. Ngozi ikifa nyuma ya sikio, kovu pana halikwepeki.

Lakini mambo hayo mawili yanamwongezea mpasuaji wajibu. Ngozi ya mvutaji ina damu kidogo, na kuivuta ni kuipunguzia hata hiyo iliyopo. Mvuto wenyewe ni moja ya vichocheo vya keloidi. Anayejua kwamba ngozi iliyo mbele yake ni dhaifu ana sababu mara mbili ya kuufunga mzigo chini.

Kovu hubadilika kwa mwaka mzima au zaidi, kwa hiyo wekundu wa mwezi wa tatu haumhukumu mtu. Anayepanga kufanyiwa upasuaji huu aombe kuona picha za wagonjwa waliotimiza mwaka, zilizopigwa ubavuni, nywele zikiwa zimefungwa nyuma na ndewe ikionekana yote.