Makofi ya Sauti ya Nne

Bora niseme mwenyewe. Yule bwana anayeimba sauti ya tatu ameshaisambaza habari ya semina yangu kwenye makundi ya simu, na kila inakopita inaongezwa chumvi. Juzi dada yangu kanipigia kutoka Dodoma, hata salamu haijakaa sawa: "Eti umempigia marehemu makofi?" Sikupiga. Kompyuta ndiyo iliyopiga. Na hiyo ya kwamba nilisimama nikainama mbele ya watu kama bingwa ni uzushi. Nilinyanyua mkono tu. Tutafika huko, msiniharakishe.

Wenzangu wa nota mnajua tulikotoka. Tarehe 26 Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba Finale, ile programu ya kuandikia nota kwenye kompyuta, ndiyo basi, haiendelezwi tena. Programu imeanza 1988, walimu wa kwaya kibao huku kwetu hawajui nyingine. Wengi tuliipata kwenye flashi ya mtu aliyeipata kwenye flashi ya mtu, na hapo tusiulizane zaidi. Siku ile kwenye kundi letu watu walipeana pole hadi usiku. Kampuni ikasema wateja wahamie Dorico, programu nyingine ya nota, kwa bei ya punguzo, dola 149. Mweka hazina wetu alivyoisoma hiyo bei akatoka kwenye kundi. Ilibidi aombwe kurudi.

Kimbelembele changu kikaniponza. Nikaandika: "Ndugu zangu, programu ya MuseScore ipo, ni ya bure, na ni halali kabisa. Tutafute Jumamosi moja tufundishane." Watu wakaweka vidole gumba, na kufumba na kufumbua nikawa mratibu. Nikatafuta ukumbi wa parokia moja hapa Morogoro ambayo leo siitaji, nikaazima projekta, nikalipia chai na maandazi. Katekista akaniambia, na maneno yake ninayakumbuka kama yalivyo: "Mwalimu, siku hiyo kuna misa ya mazishi kanisani, lakini nyinyi mtakuwa ukumbini. Hamtaingiliana."

Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Mmoja aliteremka kwenye bodaboda amekumbatia kompyuta ya mezani nzima, kioo chake kimefungwa kwa khanga, kibodi ipo kwenye mfuko wa sandarusi. Mzee mmoja alikuja na daftari la solfa tupu, d r m f ukurasa baada ya ukurasa kwa kalamu ya risasi, akakaa mstari wa mbele, akasema yeye amekuja kuona tu kama hilo dude linaweza kumshinda. Asubuhi ilikwenda vizuri. Niliwaeleza kwamba MuseScore haifungui faili la Finale moja kwa moja. Unalitoa kwanza kule kwa njia ya MusicXML, aina ya faili ambayo programu nyingi za nota zinaisoma, ukiwa bado una Finale inayofunguka, ndipo unalifungua huku. Na likifika linakuwa limechoka na safari: maneno yamesogea, alama nyingine zimeachwa njiani. Wimbo wangu mwenyewe ulifika bila alama ya mwendo. Nilikuwa nimeuandikia mwendo wa mapigo 66 kwa dakika, wa taratibu, wa watu kutafakari. Sasa MuseScore usipoiambia mwendo, inapiga 120. Kumbukeni hiyo namba.

Kumbukeni na jambo lingine. Usiku wa kuamkia semina mpwa wangu, yupo darasa la sita, aliniomba kompyuta "aangalie tu". Sauti za kawaida za kompyuta, zile za MIDI, zipo 128 kwenye orodha. Kuna piano, kuna filimbi, kuna kwaya inayoimba "aaa". Halafu ukifika mwishoni mwa orodha unakutana na vituko: namba 125 ni simu inayoita, 126 ni helikopta, 127 ni umati unapiga makofi, 128 ni mlio wa bunduki. Huyu mtoto aliingia kwenye wimbo wangu wa shukrani, akaziacha sauti tatu za juu zikiimba "aaa" kama kawaida, akaichukua sauti ya nne, ya besi, akaiwekea 127. Mshukuruni Mungu hakuteremka hatua moja zaidi.

Haya. Baada ya chai nikasema sasa tusikilize. Ukumbini kuna spika kubwa ya magurudumu, ile yenye taa za rangi, inaunganishwa kwa Bluetooth. Nikatafuta kwenye kompyuta, zikatokea BT-SPEAKER mbili. Nikachagua ya juu. Mngechagua ipi nyinyi? Ikakubali palepale, haikuuliza hata namba ya siri. Nilichokuwa sikijui ni kwamba fundi wa parokia ameshafunga miksa mpya, mashine ya kuendeshea maikrofoni na spika za kanisa, kwenye sakristia, nayo ina Bluetooth, na waliotengeneza kule kiwandani wameipa jina lilelile. Ukumbi na sakristia vimetenganishwa na ukuta mmoja, na meza yangu mimi mwerevu nilikuwa nimeiegesha kwenye huo ukuta kwa sababu ndipo penye soketi.

Nikabonyeza kupiga. Kwenye projekta ule mstari wa buluu ukaanza kutembea juu ya nota. Ukumbini kimya.

Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaipeleka mwisho kabisa. Nikaweka wimbo ujirudie, ili nikishaipata spika usiwe umeisha. Nikaenda kuipigapiga spika mgongoni. Yule mzee wa solfa akafunga daftari lake taratibu na kulifungua tena, kuniashiria kwamba lenyewe halina haja ya umeme.

Ndipo mama mmoja wa sauti ya pili akainua kichwa. "Mwalimu, mbona kama kule kanisani wanaimba huu wimbo wako?"

Tukatega sikio. Kweli! Kutoka kwenye zile honi za nje ya kanisa unasikika wimbo wangu. Wangu kabisa, nilioutunga kwa mikono yangu, na yale madoido ya sauti ya tatu ambayo wenzangu waliyakataa. Mwili ukasisimka. Ndugu zangu, nimetunga miaka mingi, sijawahi kupita mahali nikakuta watu nisiowajua wanaimba kitu changu. Nikajikaza uso usicheke.

"Ndiyo," nikasema, kwa ile sauti ya mtu aliyezoea. "Huu umesambaa sana."

Mmoja akauliza mbona wanaimba mbiombio vile. Nikamjibu kwamba kila kwaya ina tafsiri yake. Mwingine akauliza mbona hawatamki maneno, ni "aaa" tu. Nikasema wanavumisha sauti tu, ni utangulizi, maneno yanakuja. (Mnaocheka, chekeni. Nyinyi kwa wakati huo mngewaza Bluetooth?)

Halafu sauti ya nne ikaingia, na yakalipuka makofi.

Mimi besi huwa nawapa nota ndefu, mapigo manne manne, kwa sababu besi wa kwaya yangu wakipewa nota fupi wanagombana. Kwa hiyo makofi hayakuwa ya kuokoteza. Yalikuwa makofi yaliyoshiba, uwanja mzima, yanakatika pamoja kwenye pumziko, kisha yanarudi pamoja kwenye mahadhi yanayofuata. Kwa nidhamu ile ningetakiwa kushtuka. Waombolezaji gani wa Morogoro wanapiga makofi na kunyamaza kwa pamoja kiasi kile? Lakini sikushtuka. Macho ya ukumbi mzima yalikuwa kwangu, watu wanatabasamu, yule wa sauti ya tatu anatikisa kichwa kwa husuda, na mimi, Mungu anisamehe, nikanyanyua mkono wa kulia mpaka usawa wa sikio, nikaupunga kuelekea kanisani. Kidogo. Kama mtu anayesema inatosha jamani, mnanifanya nione haya.

Mkono ukiwa bado juu, mlango ukafunguka.

Katekista wetu ni mtu mzima, hajawahi kukimbia. Siku hiyo alikuwa amekimbia. Kanzu ameikunja mkononi, kiatu kimoja kimeingia vumbi jekundu hadi kwenye kamba. Nikamwamkia, "Shikamoo Katekista," mkono wangu haujashuka. Hakuitikia. Na nyinyi mnajua mzee asipoitikia shikamoo hali imefikia wapi.

"Mwalimu," akasema kwa pumzi ya mwisho, "zima. Zima hicho kitu. Wanasoma wasifu wa marehemu."

Yaliyokuwa yakitokea upande ule nimesimuliwa na watu watatu tofauti na wote wanakubaliana, jambo linalonisikitisha. Kijana wa ukoo alikuwa mimbarini na karatasi. Aliposoma kwamba marehemu alipata elimu ya msingi, kwaya ya "aaa" ikaanza, watu wakadhani ni muziki wa chini uliopangwa. Akasoma kuhusu ndoa na watoto, makofi. Kijana akasita, akatazama honi, akasema "asanteni," akaendelea. Mara ya pili baadhi ya waombolezaji wakafuatisha, maana mtu huwezi kukaa mikono mapajani wakati kanisa zima linapiga. Akasoma kwamba mwaka jana marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu. Makofi. Akasoma kwamba alilazwa, hali ikabadilika. Makofi, na safari hii kuna mama mmoja nyuma akapiga kigelegele, akakiri baadaye kwamba kilimtoka tu. Na pale kwenye "mpaka mauti yalipomfika," wimbo wangu ulikuwa umefika kwenye Amina. Sauti ya nne kwenye Amina yangu inashika nota ile hadi mwalimu aitoe kwa mkono.

Sasa turudi ukumbini, kwa sababu mnadhani nilizima. Kwenye MuseScore kitufe cha kupiga na kusimamisha ni ile spesi ndefu ya kibodi, na asubuhi nilikuwa nimewafundisha mwenyewe. Ila ukiwa ndani ya maneno ya wimbo, spesi kazi yake inageuka: inakurusha kwenye silabi inayofuata. Katika kuparamia meza, vidole vyangu viligonga mara mbili kwenye neno. Nikabonyeza spesi. Kishale kikaruka. Nikabonyeza tena, kikaruka tena. Projekta inaonyesha kila kitu ukutani kwa ukubwa wa mlango, watu wazima wenye akili zao wanakitazama kishale kinadunda kutoka silabi hadi silabi, na yule mama wa sauti ya pili, kwa mazoea tu, hakuwa na nia mbaya, anakifuata kwa midomo: "Shu... ku... ru... ni..."

Nje, wimbo ulikuwa umeshaanza mzunguko mwingine.

"Mwalimu!" Katekista tena.

"Ninazima, mzee, ninazima!" Na ninaruka silabi.

Aliyemaliza kesi ni yule wa sauti ya tatu. Alikuja polepole kutoka kiti chake, akaifunga kompyuta kama mtu anavyofunga sahani ya ubwabwa, pa, kukawa kimya. Hiyo sehemu kwenye makundi anaisimulia mara mbili.

Mengine ni ya kawaida. Jioni nilifuatana na Katekista hadi kwa wafiwa, nikatoa rambirambi kubwa kuliko uwezo wangu, nikaomba radhi mpaka babu wa ukoo akaninyamazisha. Alisema wengine waliotoka kijijini walidhani ndio utaratibu mpya wa mjini. Baba Paroko aliniita, tukaongea, hayo ni yetu wawili. Fundi amebadilisha jina la ile miksa na kuiwekea namba ya siri. Mpwa wangu hagusi kompyuta mpaka amalize la saba. Yule mzee wa solfa aliondoka na daftari lake kwapani akiwa na furaha ambayo sikuipenda.

Kilichoniuma kuliko vyote ni semina yenyewe. Nusu siku nzima nimewaeleza watu habari za MusicXML, jinsi ya kuokoa kazi zao za miaka kabla Finale haijagoma kufunguka kwenye kompyuta mpya. Tangu Jumamosi simu yangu imejaa ujumbe wa washiriki, nami nikajua haya, wameanza kuhamisha mafaili. Wa kwanza ni mwalimu wa kwaya ya vijana. Anauliza yale makofi yanapatikana wapi, anayataka kwa ajili ya Pasaka. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu anataka makofi, na kama inawezekana, na vigelegele.

Nimewajibu wote. Fungua miksa ya ndani ya programu, nenda kwenye sauti ya nne, kwenye jina la ala chagua MS Basic, lile fungu la sauti za kompyuta, teremka chini. Vigelegele havipo.