Wapeni wazee wa Kizigua kipaza sauti, si ngoma tu

Februari hapa Marekani ni mwezi wa historia ya watu weusi, na katika mji wetu kila mwaka huandaliwa siku ya jamii: chakula, ngoma, maonyesho ya picha, wazee kusimulia. Mwaka huu nilikwenda na wanangu. Ukutani ilitundikwa ramani kubwa ya Afrika yenye mishale myekundu, na mishale yote ilielekea magharibi, kutoka Ghana, Benin na Angola, ikivuka Atlantiki. Upande wetu, kuanzia Kilwa hadi Barawa, palikuwa peupe.

Chini ya ramani hiyo aliketi bibi mmoja aliyejifunga kanga juu ya koti la baridi, akisubiri zamu ya kikundi chake cha ngoma. Akamgeukia mjukuu wake, akamwambia anataka mazi. Niligeuka kama niliyeitwa jina. Mimi ni wa Handeni, na marehemu bibi yangu maji aliyaita hivyohivyo, mazi. Nikamletea chupa, nikamwamkia, nikamuuliza kwa Kizigua changu cha kuungaunga ametokea wapi. Akasema Somalia, kwenye Mto Juba. Handeni hajawahi kuikanyaga, wala mama yake, wala bibi yake.

Katika miaka ya 1830 njaa kali iliipiga Uzigua, nchi ya Wazigua huko Handeni na kuelekea Pangani. Watu walishuka pwani kutafuta chakula. Kuna waliojiweka rehani wao na watoto wao, na kuna waliodanganywa kwamba wanakwenda kufanya kibarua kisha watarudi. Wakapakiwa majahazini hadi Benadir, pwani ya kusini mwa Somalia, wakauzwa kulima mashamba ya wengine. Waliofanikiwa kutoroka walikusanyika katika misitu ya bonde la Juba. Simulizi zao zinamtaja mwanamke, Wanakhucha, aliyewatoa utumwani wakiwa na nia ya kurudi nyumbani kwa miguu. Hawakufika. Wakaishi kwenye bonde lile na lugha yao kwa takriban miaka 150, wakidharauliwa kwa nywele zao za kipilipili, mpaka vita vya 1991 vikawafurusha. Waliokimbilia Tanzania walipewa makazi Chogo, wilayani Handeni kwenyewe, na baadaye wengi wao wakapata uraia. Waliokimbilia Kenya walikaa miaka kambini Dadaab, na kuanzia 2003 Wabantu wa Somalia wapatao 12,000, Wazigua wakiwemo, wakapokelewa Marekani.

Watu wenye historia hiyo, siku ile, waliwekwa mwisho wa ratiba. Wacheze ngoma dakika kumi, washangiliwe, wateremke. Hakuna aliyewauliza neno. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Nilipolisema hilo, mmoja wa waandaaji alinijibu kwa upole kwamba mwezi huu Wamarekani weusi waliupigania, na haifai wageni waje kuugawana. Namheshimu kwa jibu hilo. Siku hiyo ni yao, na sisi tuliofika juzi kwa ndege tunafaidi haki ambazo wazazi wao walizimwagia damu. Lakini bibi yule si mgeni wa habari ya utumwa. Babu zake waliuzwa. Mshale mmoja kwenye ramani, kutoka Pangani kwenda kaskazini, haumnyang'anyi mtu chochote, na ninavyowajua wazee weusi wa mji huu, wangekuwa wa kwanza kukaa kumsikiliza.

Na sisi tunaotaka kipaza sauti tukubali kuyasema yote. Wazigua hao hao, wale waliobaki, walipopata bunduki walivamia majirani na kuuza watu, hata wenzao kama Wabondei, wanaohesabiwa nao kizazi kimoja cha Seuta, babu anayetajwa katika simulizi. Handeni sikuwahi kusikia likisemwa hadharani. Pwani nzima ukimwita mtu mtumwa umemtukana, na zipo familia zinazoficha ukoo wa bibi mzaa babu kwa sababu hiyo tu. Tukija kwenye mkutano kulia peke yake, tutakuwa tumesimulia nusu.

Ombi langu kwa waandaaji ni dogo. Mwakani wazee hawa wapewe saa nzima, waseme kwa Kizigua, na wajukuu wao ndio watafsiri. Nasisitiza wajukuu. Yule wa bibi, kijana wa miaka 16 hivi, alielewa kila neno lakini alijibu kwa Kiingereza tu. Kutafsiri kutamlazimu akae naye jioni kadhaa kabla ya siku yenyewe, amuulize neno hili maana yake nini, nani alimzaa nani. Nami nimejitolea kuwarekodi.

Zamu yao ilipofika, bibi aliniegemea begani ili ainuke. Kabla hajaenda jukwaani akaniuliza jambo moja: siku hizi Handeni mvua inanyesha?