Nyumba Kwanza, Maduka Baadaye: Jenny Munro Alikuwa Sahihi

Yakitajwa majengo mapya ya Redfern, kitongoji cha Sydney, Australia, hakosekani mtu wa kusema: mbona nyumba zilijengwa, zile kelele za mwanaharakati Jenny Munro na mahema yake ya maandamano zilikuwa za nini? Kauli hii inaniudhi. Inafuta kazi ya mwanamke mmoja na wenzake waliolala nje zaidi ya mwaka mzima, majira ya baridi yakiwamo, ili nyumba hizo za familia za Waaborijini, wenyeji asilia wa Australia, zipatiwe fedha.

Eneo lenyewe ni The Block, kati ya mitaa ya Eveleigh, Louis, Caroline na Vine, jirani kabisa na stesheni ya treni. Mwaka 1973 serikali ya waziri mkuu Gough Whitlam ilitoa ruzuku, na Aboriginal Housing Company, kampuni ya Waaborijini wenyewe, ikaanza kununua nyumba za pale. Baadaye zikachakaa, dawa za kulevya zikaingia, zikabomolewa awamu kwa awamu. Wapangaji wakaondoka na ahadi ya kurudi.

Mei 26, 2014, Mama Jenny, Mwaborijini wa kabila la Wiradjuri aliyezaliwa Erambie, Cowra, akapiga hema kwenye uwanja ule mtupu, mbele ya ukuta wenye bendera kubwa ya Waaborijini. Kampuni ilikuwa imepanga kuanza na maduka na mabweni ya wanafunzi, kisha faida yake ndiyo ijenge nyumba 62 za familia. Yeye akasema hapana, nyumba zitangulie.

Wengi waliona ni ubishi. Mimi naona alielewa ujenzi kuliko waliombeza. Mradi ukianza na biashara, mapato ya mwanzo si ya familia. Benki inalipwa kwanza, kisha uendeshaji, kisha matengenezo. Gharama za mkandarasi zikipanda, au vyumba vikikaa bila wapangaji, kinacholiwa ni ile "faida" iliyoahidiwa kwa awamu ya pili. Na awamu ya pili haina mkopo wala mkataba wa ujenzi. Ina maneno tu. Kibali nacho hubadilishwa. Mabweni yale yale yalianza kwa kibali cha vitanda 154, yakaishia jengo la ghorofa 24 lenye vitanda 596. Nyumba za familia zilibaki 62. Upande wenye pesa ulinenepa, ule mwingine haukuongezewa hata chumba.

Wakati nao ulikuwa mbaya. Bajeti ya serikali ya shirikisho ya Mei 2014 ilikuwa imefuta awamu mpya ya mpango wa kitaifa wa ruzuku za pango la nyumba, uliowataka wenye nyumba watoze angalau asilimia 20 chini ya soko. Hata hiyo asilimia 20, karibu na katikati ya Sydney, haimsaidii mzee wa pensheni. Piga hesabu: soko likitaka kodi ya dola 700 za Australia kwa wiki, punguzo linakuachia 560. Kwa kawaida ya kwamba kodi isizidi asilimia 30 ya kipato, mpangaji huyo anatakiwa aingize zaidi ya dola 1,860 kila wiki. Hiyo ni nafuu ya nani? Kodi ya familia za kipato cha chini ipimwe kwa kipato chao, basi.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba kampuni nayo ilibanwa. Benki hazikimbilii kukopesha nyumba za kodi ya chini, na ardhi ile haikuuzwa kwa wageni. Ilikuwa kesi ya Waaborijini kwa Waaborijini, na iliumiza pande zote. Agosti 2015 Mahakama Kuu ya New South Wales, jimbo la Sydney, iliipa kampuni haki ya kuwaondoa waliokuwa kwenye mahema. Kisheria, Mama Jenny alishindwa.

Lakini mwezi huo huo serikali ya shirikisho, kupitia waziri Nigel Scullion, iliahidi dola milioni 5 ili nyumba 62 zijengwe. Fedha ambazo miaka yote hazikuonekana zilionekana pale mahema yalipokataa kuondoka. Mahema yakakunjwa, nyumba zikapanda.

Kilichobaki sasa ni kuzilinda, na hilo linataka karatasi. Mkataba wa mpangaji uwe wa miaka, si wa miezi. Kodi ipandishwe kwa kanuni anayoijua mpangaji kabla hajasaini. Na familia ikihama, nyumba iende kwa familia nyingine ya Waaborijini, kwa maandishi, bila kutegemea hisani ya mkurugenzi aliyepo ofisini mwaka huo.