Picha za Upelelezi wa Vita: Anayezitunza na Anayezihitaji

Tarehe 4 Aprili 1944, ndege aina ya Mosquito ya kikosi namba 60 cha jeshi la anga la Afrika Kusini iliruka kutoka Foggia, Italia, kwenda kusini mwa Poland. Ilitumwa kupiga picha kiwanda cha IG Farben kule Monowitz, kilichokuwa kikijengwa kwa ajili ya mafuta na mpira wa bandia. Kamera iliendelea kupiga, na fremu chache zikanasa mabanda ya Auschwitz, kambi ya mateso na mauaji ya Wanazi. Wasomaji wa picha katika kituo cha Medmenham, Uingereza, waliandika taarifa kuhusu kiwanda, maana ndicho walichoulizwa. Mwaka 1979 ndipo wachambuzi wawili wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, Dino Brugioni na Robert Poirier, walipochapisha walichokiona katika picha za siku ile na za safari nyingine za mwaka uleule: majengo ya vyumba vya gesi na, katika picha ya Agosti 25, msururu wa watu wakipelekwa huko.

Ushahidi ule ulikaa ghalani miaka 35. Nauanzia hapo kwa sababu mjadala kuhusu picha za upelelezi huishia haraka kwenye gharama za kuzitunza. Kamera hunasa kila kilichokuwa chini ya ndege saa ile: mashamba, makaburi, mapito ya ng'ombe, nyumba ambazo wiki iliyofuata hazikuwapo. Jeshi lilihitaji sehemu ndogo tu ya hayo. Je, wanaohitaji yaliyobaki wayapate bure, au walipe?

Watunzaji wana hoja nzito, na wengi wetu tunaodai milango ifunguliwe hatuipi uzito wake. Sehemu kubwa ya picha za Ulaya zilizopigwa na Washirika (Uingereza, Marekani na wenzao) ilikuwa Chuo Kikuu cha Keele hadi 2008, ilipohamishiwa Edinburgh, kwenye mkusanyo wa taifa wa picha za angani unaojulikana kama NCAP. Ni mamilioni ya picha. Filamu nyingi za zama zile ni za asetati, na asetati ikianza kuoza hunuka siki, hujikunja, na mvuke wake huharakisha uozo wa filamu zilizo jirani. Kinachosaidia ni baridi, ukavu na kuskani mapema, na vyote vina bei. Tena picha peke yake haitoshi. Kila safari ya ndege ilikuwa na mchoro juu ya ramani, unaoonyesha fremu ipi iliangukia wapi. Mchoro ukipotea, unabaki na picha nzuri ya shamba usilojua liko wilaya gani.

Na mteja wa kulipa yupo. Ujerumani bado ina mabomu mengi yaliyozama ardhini bila kulipuka, na kabla ya kuchimba msingi katika miji iliyopigwa mabomu, wataalamu huzipitia picha hizi. Msomaji huweka picha mbili zinazopishana kwa takriban asilimia 60 chini ya stereoskopu, kifaa cha kutazama picha mbili kwa pamoja, ardhi ikainuka machoni pake, kisha hutafuta kitundu cheusi kati ya mashimo mapana. Shimo pana ni bomu lililolipuka. Kitundu huenda ni lile lililobaki. Göttingen, mwaka 2010, bomu moja liliua wataalamu watatu waliokuwa wakijiandaa kulitegua, na Septemba 2017 zaidi ya watu 60,000 walihamishwa Frankfurt kwa sababu ya bomu moja la Waingereza. Kampuni inayojenga juu ya ardhi hiyo ikitozwa ada ya kutafutiwa picha, mimi sioni dhuluma.

Ada hiyohiyo ikimkuta mwanafunzi wa historia Nyeri, mambo ni mengine. Edinburgh hiyohiyo inatunza picha za idara ya Uingereza ya upimaji wa makoloni, iliyoanzishwa 1946. Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar zimo. Hazikuwa picha za kumvizia adui, zilikuwa za kuchorea ramani, lakini utaalamu ulitoka vitani, na sehemu ya kazi ilifanywa na ndege za Lancaster za kikosi namba 82 cha jeshi la anga la Uingereza. Kuanzia 1954, wakati wa Dharura, yaani vita dhidi ya Mau Mau, serikali ya kikoloni iliwaondoa zaidi ya Wakikuyu milioni 1 katika maboma yao na kuwajaza kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miiba. Kwa familia nyingi, picha ya angani ya kabla ya hapo inaweza kuwa ushahidi pekee wa mahali nyumba ilipokuwa. Hao hawakuombwa ruhusa kamera ilipopita. Kuwatoza leo ili waone uwanja wa babu yao ni jambo nisiloweza kulitetea.

Wapo wanaohofia migogoro ya ardhi: picha ya mwaka 1948 ikifika mahakamani bila mtaalamu, kivuli cha miti kitasomwa kuwa mpaka. Hofu hiyo ina msingi. Ila ada haiizuii. Mwenye fedha ndiye atakayefika na picha mkononi, na jirani yake atasimama mikono mitupu.

Marekani ilijaribu njia ambayo naiona bora. Februari 1995, Rais Clinton aliamuru picha zaidi ya 860,000 za satelaiti za kijasusi za kati ya 1960 na 1972 zitolewe kwa umma. Shirika la jiolojia la nchi hiyo, USGS, humtoza mtu wa kwanza anayeomba fremu ambayo haijaskaniwa, dola 30, na baada ya hapo yeyote duniani huipakua bure. Wanaakiolojia wamezitumia kufuatilia barabara za kale za Syria na Iraki ambazo matrekta na mabwawa yamekwisha kuzifuta. Lakini haki itendeke: picha zile zilikuwa za miradi michache, chini ya serikali moja. Edinburgh ilirithi masanduku ya idara nyingi, na kuifuata njia hiyo kwa siku moja haiwezekani.

Kuanza kunawezekana. Kampuni za ujenzi ziendelee kulipa. Michoro ya safari za ndege iwekwe wazi kwanza, maana bila hiyo mtu hajui hata aombe nini. Picha za makoloni ya zamani ziwe bure kwa raia wa nchi zilizopigwa picha, na vyuo vyetu vifundishe kuzisoma. Medmenham waliajiri wanaakiolojia kama Dorothy Garrod na Glyn Daniel kwa sababu jicho la kusoma ardhi hufunzwa. Kwa picha za Nyeri na Murang'a, mwalimu anayehitajika zaidi ni mzee anayejua ukingo upi ulikuwa wa ukoo upi, na aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1954 leo amepita 90.