Eti watu wa Kusini tunasubiri korosho tu

Juzi kwenye semina ya ujasiriamali huku Newala, mkoani Mtwara, kusini mwa Tanzania, mgeni rasmi kasimama akatuambia watu wa Kusini tumezoea kukaa barazani kusubiri korosho. Ukumbi ukapiga makofi. Mheshimiwa, sasa hao waliojaa mbele yako walifuata nini, soda?

Mwenye mikorosho anashika hela ya maana mara moja kwa mwaka, minada ikienda vizuri, na bei hapangi yeye. Mwaka 2018 wanunuzi waligomea bei, Rais Magufuli akaagiza Serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wa JWTZ wakaja kusomba mzigo. Kisha ukaja uhakiki wa wakulima, na kuna waliovuka mwaka mpya wakiwa bado wanasubiri malipo. Mwaka mmoja kabla, India ilibana uingizaji wa mbaazi, zao letu jingine la biashara, bei ikaporomoka. Baada ya hayo yote, mama akimpeleka binti yake kujifunza ushonaji, ndiyo uvivu huo? Anatafuta hela ya Machi, wakati ndani hakuna kitu na mtu wa kangomba, yule mlanguzi wa korosho, anabisha hodi kukopesha kwa korosho ambazo hata ua hazijatoa.

Haya, nakubali kwa shingo upande: fundi cherehani naye anakula korosho. Wateja wake wakikosa malipo, suruali zinabaki zimetundikwa. Kwa hiyo ufundi uchaguliwe kwa akili, si kumfundisha kila mtu sabuni ya maji. Siku mbili, cheti, picha ya pamoja, halafu mtaa mzima tunauziana sabuni!

Kuna kijana Tandahimba anatengeneza mashine za kupulizia salfa. Ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho unaozuiwa kwa salfa, haungoji mnada. Mashine ikizima Julai, mwenye shamba atakopa popote ili iwake, kwa hiyo kijana anapata hela miezi ambayo wenzake wanahesabu maua. Kajifunza kwa fundi pikipiki, chini ya mwembe.

Vyuo vya ufundi vya VETA tunavyo, Mtwara na Lindi, na wanafundisha vizuri, sibishi. Ila mama mwenye watoto watatu kule Liwale ataacha palizi akapange chumba mjini kwa hela ya nani? Mafunzo yaje kijijini, jioni, watu wakishatoka shamba. Na anayefundisha awe fundi mwenye grisi mikononi. Projekta ibaki huko huko wilayani, kwetu hata umeme wenyewe wa kubahatisha.